Nukta

Saa tano usiku, mjini Sivas. Theluji imepanda hadi kwenye dirisha,
na mstari wa kijani umesimama tena
pale pale, asilimia sitini na nne,
kama punda aliyeliona daraja.

Mchezo kaununua Ilgın kwa pesa zake,
za kumtembeza mbwa wa daktari wa meno kiangazi kizima.
Kuna ziwa la chumvi, anasema, na chini yake jitu limelala.
Hatujaliona ziwa. Hatujaiona hata chumvi.

Mimi ni fundi wa mashine za kufulia.
Mashine ikiugua husema:
beringi ikilika hukoroma,
pampu ikiziba hulia kama mtoto aliyenyimwa,
mkanda ukikatika mota huzunguka peke yake, ikijisemesha.
Naweka kiganja juu ya bati, nafumba macho, naambiwa.
Kompyuta hii nimeiwekea kiganja.
Ina joto. Basi.

Tukaizima, tukaiwasha,
dawa ya kwanza ya kila fundi, hata wale wasiokiri.
Tukaufuta mchezo, tukaupakua upya,
chai ikaja, chai ikapoa, mama yake akaenda kulala.
Tukaipa kadi ya picha programu mpya.
Tukamwambia mlinzi wa virusi akapumzike kidogo.
Nikafungua kasha, nikapuliza vumbi,
nikakuta unyoya wa kasuku tuliyemzika mwaka juzi.
Mstari ukaanza. Hamsini. Sitini. Sitini na tatu.
Ilgın akanishika mkono wa sweta.
Sitini na nne.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," nikaiambia,
na nilikuwa nishachukua bisibisi, sijui ya nini.

Ni yeye aliyelichimbua daftari,
faili refu ambamo mchezo huandika, usiku kwa usiku, kila ulichokitafuta.
Mistari elfu mbili ya *nimepata, nimepata, nimepata*,
na wa mwisho: *Sikupata TİTAN.*
Akafungua folda. Jitu liko mlemle, limelala: TITAN.

"Baba," akasema, "tazama juu ya İ."

Nukta.
Kwetu herufi hizo ni mbili, kila moja na nyumba yake:
i mwenye nukta hukua na nukta yake,
ı asiye nayo hukua bila nayo,
na mtoto wa darasa la kwanza hazichanganyi.
Waliotunga mchezo, huko waliko, wana moja tu.
Wakaiagiza kompyuta: mwite jitu kwa herufi kubwa.
Nayo, mtiifu wa Sivas, ikamwita kwa Kituruki safi,
na jitu halikuitika, kwa sababu hilo si jina lake.

Haikuwa na ugonjwa, basi. Ilikuwa na lafudhi.

Tukaingia kwenye mipangilio, mahali pa nchi,
tukaidanganya kwamba iko Amerika.
Sitini na tano.
Nilisimama. Sitini na sita, sabini, tisini,
halafu ziwa, jeupe, pana,
jeupe kuliko theluji yetu, na upepo unaosikika.

*Jina lako nani?* likauliza ziwa.
Akaandika Ilgın.
Likajibu: *Karibu, Ilg?n.*

Nikataka kuomba radhi, sijui kwa niaba ya nani.
Yeye alikwisha kuketi, miguu juu ya kiti, anacheka.
"Usiguse, Baba. Sasa nina ndoano katikati ya jina.
Nitalivulia lile jitu."

Nikalala saa nane.

Saa mbili asubuhi simu: Bi Makbule, ghorofa ya tatu,
risiti niliyomtumia alfajiri iko mkononi mwake, sauti iko dari ya juu.
Nilimwahidi mashine tarehe kumi na moja, mwezi wa pili.
Kompyuta yangu, Mmarekani wa tangu jana, imetanguliza mwezi.
"Nevzat Usta," anasema,
"nguo za watu sita,
hadi Novemba?"