Msoma Mita Aenda Marafa

Mwalimu aliwaambia waandike: Wikendi yangu.
Mbodze, darasa la tatu, akaandika mistari minne:
Jumamosi baba analala.
Jumapili baba anapiga pasi.
Mama anasema tutaenda mahali.
Mahali ni mbali.
Alipata nane juu ya kumi. Mbili zilikatwa kwa mwandiko.

Mimi kazi yangu kusoma mita za maji,
Shela, Maweni, Barani, Muyeye,
nafunua vifuniko vya chuma, napangusa utando wa buibui,
naandika namba ambazo hakuna anayezikubali.
Nimewaambia watu mpaka ulimi umeota sugu:
mama, kampuni haikuibii,
kuna tone linatoka usiku mkiwa mmelala,
tone halina haraka, ila mita haisahau.

Nikarudia kuusoma ule mstari wa kwanza wa mtoto.
Kumbe bomba bovu ni langu.
Jumamosi hamsini na mbili kwa mwaka,
miaka kumi na mmoja tangu nioe.
Sikutaka kuzidisha.

Hatukungoja Desemba. Hatukungoja zamu yetu ya chama.
Mwaringa alitukodisha tuktuk yake, mafuta juu yetu,
kwa sharti kwamba dereva ni yeye:
miaka yote anapeleka watu hoteli na kuwarudisha,
Marafa hajawahi kufika.
Jumwa akachemsha mihogo, akafunga samaki kwa gazeti,
akabeba chupa ya chai na kanga tatu,
moja ya kukalia, moja ya jua,
moja ya "huwezi kujua."

Kilomita thelathini na kitu.
Hicho kitu ndicho kilichokuwa na mashimo.
Baada ya Mambrui tukaipa bahari kisogo;
Marikebuni tukashuka kusukuma,
mimi, Mwaringa, na bwana mmoja wa baiskeli ambaye hatukumwita,
Mbodze akiwa ndani, malkia, anahesabu mbuzi.

Nilidhani ardhi naijua, mimi ninayeifunua kila siku.
Lakini Nyari, pale palipovunjika penyewe,
ardhi imejifunua bila kuombwa:
kuta nyekundu, kuta za rangi ya ufizi, nyeupe,
kama keki ya harusi iliyosahaulika mvuani.
Kijana wa pale, Kahindi, alitukatia risiti kwanza, hadithi baadaye.
Hapa, alisema, waliishi matajiri waliooga maziwa
na jirani hana hata ya kutia kwenye uji.
Ardhi ikawameza. Nyeupe ni maziwa. Nyekundu ni wao.
Mbodze akauliza, "Walikuwa na mita?"
Kahindi alicheka mpaka akakaa chini.

Saa kumi na mbili kasoro jua likateremka ndani ya korongo
na kila ukuta ukashika moto wake.
Jumwa akanyamaza.
Namjua akinyamaza kwa hasira, kwa hesabu, kwa uchovu;
ukimya huu haukuwamo kwenye daftari langu.
Akaushika mkono wangu, huu wenye kutu ya vifuniko.
Mwaringa akajifanya anakagua tairi.

Tulilala kwa shangazi yake, pale pale Marafa,
watu sita mkeka mmoja, mbu wakila kwa zamu.
Asubuhi uji, kisha tukarudi.
Ndiyo yote.
Shilingi elfu tatu na mia mbili, nimeziandika.

Jumatatu, Muyeye, nimepiga magoti mbele ya mita ya Bi Haluwa.
Anasema namba hiyo si yake, yeye na paka wake
hawawezi kunywa mto mzima.
Kwenye pindo la suruali yangu pana mchanga mwekundu.
Nimeuacha hapo.
Nikamwambia akague choo, akague tangi,
halafu, sijui kilichonituma,
nikafunika kifuniko polepole nikamuuliza:
Na Jumamosi, Bi Haluwa,
huwa unakwenda wapi?