Kabla ya Turbo

Adenau, alfajiri. Ukungu umelala barabarani.
Gerlinde yuko chini ya gari langu,
buti mbili tu, na sauti:
"Turbo umenunua. Breki je?"

Nikakohoa.

"Nguvu kila duka linauza. Kusimama hakuuzwi.
Oili hii ya breki imegeuka chai, imwage.
Upepo upime matairi yakiwa baridi,
si baada ya kujigamba mizunguko mitatu.
Injini iamshe taratibu, kama baba mkwe.
Na bawa hilo la nyuma, la kunguru?
Ling'oe."

Akatoka, akafuta mikono, akaniandikia bili:
oili, pedi, kazi ya saa mbili.
Ushauri hakuuandika.

Turbo ingali kwenye boksi lake, uvunguni,
na siku hizi nazipenda kona,
hata za mvua.