Umechelewa Kidogo

Mashine tatu za zamani zilikuwa bubu.
Unaingiza mia tano, unavuta, matunda yanazunguka,
unakosa, unasema Mungu hakupenda,
unakwenda zako na njaa tu, bila aibu.
Hii ya nne ililetwa Tororo mwezi wa Machi
kwenye lori la saruji, imefunikwa turubai,
na bosi akaniambia mimi, mtoa chenji:
"Hii, Athieno, inaheshimu mkono wa mtu."

Ndani ya kioo kuna kuku mwekundu juu ya boriti.
Anataga. Yai linaanguka.
Chini kuna kikapu, na kikapu ni kidole chako.
Thamani ya yai anaijua kuku peke yake;
kulidaka ni kazi yako.
Ukilikosa, maandishi yanawaka:
UMECHELEWA KIDOGO.

Hebu fikiri, kumwandikia Opendi maneno hayo!
Opendi fundi saa, wa kibanda cha bluu mkabala na posta,
miaka thelathini na mmoja
akitoa vumbi la kiwanda kwenye matumbo ya saa za watu,
mwenye alama ya duara kuzunguka jicho la kulia
kama mtu aliyebusiwa na chupa.
Alikuja kuvunja noti ya elfu ishirini.
Akasoma. Akacheka.
Kisha akaketi.

Sijapata kuona vidole vile.
Alidaka kumi. Alidaka ishirini na tano.
Vijana wa bodaboda waliacha pikipiki zikiunguruma nje,
Nyachwo muuza mayai ya kuchemsha akaingia na beseni lake,
chumvi na pilipili kwenye karatasi,
na kila yai liliposhuka aliguna
kana kwamba ni la kwake.
Arobaini, bila kukosa hata moja!
Wakambeba Opendi mabegani.
Mimi nikahesabu sarafu, maana ndiyo kazi yangu:
aliingiza elfu ishirini,
akatoka na elfu kumi na moja na mia tano.
Nikahesabu tena.
Mayai yote aliyadaka. Mengi yalikuwa viza.

Lakini nani husikia hesabu akiwa mabegani mwa watu?

Akaja kesho yake, akaja kesho kutwa.
Mwalimu Ochwo aliifuata saa yake mara nne,
akaikuta imelala kifudifudi, tumbo wazi.
Na usiku ulipokwenda, jicho likachoka,
maandishi yakaanza kuwaka.
Opendi hakusema Mungu hakupenda.
Alikitazama kidole chake cha shahada
kama mtoto aliyetumwa dukani
akarudi bila chenji.
Zile za zamani zilikula pesa.
Hii inakula pesa, kisha inakuacha ukijilaumu.

Ijumaa moja aliniuliza: "Saa ngapi sasa?"
Kwetu hakuna saa ukutani, bosi hataki,
na vioo vya madirisha vimepakwa rangi nyeusi.
Nilimwambia sijui.
Alikaa kimya muda mrefu,
ila muda gani, tungejuaje?

Jumatatu alikuja na saa ya mbao kwapani,
msumari wake mwenyewe mdomoni,
nyundo akaazima kwa fundi viatu.
Akaitundika juu ya kuku, akairekebisha, akaitega sikio.
Siku hiyo hakucheza.
Bosi aliing'oa kabla ya chakula cha mchana.

Iko kwenye droo yangu, chini ya mifuko ya sarafu.
Bosi anadhani niliitupa.
Opendi harudi tena, au hurudi zamu isiyo yangu;
sijauliza.
Juzi Nyachwo alisimama mlangoni, akasema,
"Kitu gani hicho kinagonga?"
Nikamwambia ni mashine.
Nikanunua yai moja, nikalimenya polepole juu ya droo.
Ilikuwa saa moja na dakika nane za jioni.
Kiini kilikuwemo.