Kukanda na Kunyoosha

Miaka thelathini na mmoja nimeliinamia tanuri,
Kutaisi, uchochoro wa nyuma ya soko,
tanuri la udongo lililozikwa ardhini kama mtungi,
mkono wangu wa kulia ukizama motoni
kubandika mkate ukutani, juu, chini,
mara mia nne kabla jua halijagusa
mawe meupe ya mto Rioni.

Unga ukaumuka. Bega likauma.
Mwaka mzima nikachana nywele kwa mkono wa kushoto.

Daktari akanionyesha picha: kano,
nyembamba kuliko nilivyodhani,
imechakaa ukingoni kama kamba ya kisima.

Hospitali walikuwa wanalinganisha tiba. Kura, bahasha mbili.
Jemali, mwenzangu wa zamu, mgonjwa wa bega lilelile,
akatoa ya kunyoosha.
Mimi mkandaji nikatoa ya kukandwa.

Mzevinari alilikuta fundo chini ya mtulinga,
akatua hapo kidole gumba, akangoja,
kama mtu anayengoja mlango ufunguliwe kutoka ndani.
Nililia. Si kwa maumivu tu.
Tangu Otari azikwe, walionigusa ni wateja,
wakipokea chenji.
Usiku ule nililalia bega langu kama msichana.
Usiku wa tatu likanirudia, lile lile, bovu.

Jemali alipewa fremu ya mlango.
Bandika kiganja, songa mbele, hesabu thelathini.
"Ivute, isiume," kijana Irakli alimwambia.
Akajinyoosha mlangoni pa duka, wateja wamekwama nje,
akanung'unika wiki tatu
kwamba anasimamishwa kama mwizi anayepekuliwa.
Wiki ya nne akanyamaza.
Wiki ya tano alishusha gunia kutoka rafu ya juu
asijue kama amelishusha.

Wiki ya sita wakatupima.
Maumivu yangu: kutoka saba hadi tatu.
Ya Jemali: kutoka saba hadi tatu na nusu.
Irakli akaitazama karatasi
kama mtu aliyeahidiwa mshindi.
"Sasa ipi bora?"
Mzevinari alikuwa ananawa mikono.
"Basi langu ni saa tisa," akasema, akaondoka.

Usiku, mikono kwenye beseni, nikawaza:
unga ukiukanda tu, unabaki donge.
Ukiuvuta haujakandwa, unakatika.
Na katikati ipo saa ambayo huufanyii lolote,
unaufunika kitambaa, unakaa.
Saa hiyo tuliupa unga kila siku.
Mabega yetu hatukuyapa hata dakika.

Siku hizi tunafungua saa moja baadaye.
Mtaa umetusema, umezoea.
Alfajiri tunasimama mlangoni wawili,
kila mtu na mhimili wake,
thelathini, pumua, thelathini.

Ijumaa bado naenda kwa Mzevinari,
nalipa mwenyewe, nampelekea mkate wa moto.
Bega haliumi tena kiasi hicho.
Sijamwambia.