Bakaa

Mara ya kwanza nilipungukiwa alama mbili.
Ya pili, moja.
Mjomba Chilewa akasema: kwa mwendo huo
utafuzu mwaka watakaonizika.

Mchana niko halmashauri, dirisha la malipo,
msaidizi wa msaidizi,
natafuta stakabadhi ya dizeli ambayo dereva anaapa
aliiacha mfukoni mwa shati, na shati likafuliwa.
Usiku, Kizota, umeme ukikatika,
nasoma kwa taa ya mlinzi wa ghala la alizeti.
Ananidai karanga, namdai kimya.
Hesabu hiyo hatujaifunga.

Mama hajui debiti wala krediti.
Anauza chumvi ya Bahi kwa kopo,
madeni yako ukutani, mkaa juu ya udongo:
mmoja wa mama Mnyambwa,
minne ya yule mwimbaji wa kwaya.
Mtu akilipa, mama hafuti;
anaukata mstari kwa msumari,
deni na malipo vilale kitanda kimoja,
kesho asiwepo wa kubisha.
Nimelipa ada ya bodi mara tatu
kufundishwa hilo.

Novemba, ukumbini, joto, mvua bado ahadi.
Swali la nne: masurufu.
Afisa kachukua, hajarejesha, mwaka umefungwa.
Nikacheka. Msimamizi akanikazia macho.
Lakini namjua huyo afisa!
Alinijia Juni thelathini, jua likizama,
na safari ya Kongwa, siku tano,
ilhali gari lake lilishinda uani, kuku wakilala chini yake.
"Saini tu, binti. Fedha isipotumika
inarudi Hazina. Unataka irudi?"
Sikusaini.
Sikusema neno pia.
Niliweka kalamu, nikaenda kunywa maji,
niliporudi palikuwa na saini ya mtu, mbichi bado.

Nikamjibu kwenye karatasi ya mtihani,
kurasa mbili na nusu,
miezi mitano baadaye.

Matokeo yalinikuta Majengo, napima nyanya.
Nimefuzu. Muuzaji akaniongeza mbili, hajui kwa nini nalia.

Mama akauliza jambo moja:
"Sasa mwenye kusaini ni wewe?"
Ni mimi.
Akaokota mkaa, akachora mstari
pembeni, mbali na wadaiwa wengine.
"Huu wa nani?"
"Wako."

Mstari haujakatwa.
Leo ni tarehe kumi na tisa, Juni.