Sababu Nyingine

Korido ya ghorofa ya tatu ina mita thelathini kamili.
Nimeipima mwenyewe, mara mbili,
nikabandika utepe wa njano huku na huku.
Nje, Oulu, saa nne ya asubuhi na bado giza:
jua la Januari huku ni mgeni wa chai,
huja amechelewa, na hakai.

Oiva amevaa soksi za sufu na raba za kaka yake.
Ana miaka tisa, na nusu ya moyo.
Wapasuaji walimshona mara tatu kabla hajajua kusoma.
Kwangu, kwenye karatasi, yeye ni 017.
Mama yake, Hilkka, ameendesha gari kutoka Kuusamo
tangu alfajiri isiyo na alfajiri,
akisimama kwa ajili ya kulungu waliolala katikati ya lami
kana kwamba barabara ni mkeka wao.

"Tembea," namwambia. "Nenda na urudi, dakika sita."
Kisha nafunga mdomo,
maana utaratibu umenipa maneno, na maneno yenyewe yana hesabu.
Ikipita ya kwanza: Unaendelea vizuri. Zimebaki tano.
Ikipita ya pili: Endelea hivyo hivyo. Zimebaki nne.
Si ruhusa kusema jikaze, mwanangu.
Si ruhusa kutembea kando yake, mwendo wangu usije ukamvuta.
Nasimama kama nguzo iliyovaa saa.

Chupa zake ziko kwenye friji, zinanukia cheri.
Watoto arobaini, nusu dawa, nusu sharubati,
na aliyegawa ni mashine iliyo mji mwingine,
haina jicho la kumwonea mtu huruma.
Mimi sijui. Daktari hajui. Hilkka hajui,
naye kila jioni hupima kwa kijiko, tone lisimwagike,
kitu ambacho huenda si kitu.
Siku ya kutia sahihi Oiva aliniuliza:
"Na nikipewa ile ya uongo?"
Nikamjibu kama ilivyoandikwa: utakuwa umetusaidia kujua.
Akafikiri.
Akaandika jina lake, O kubwa kama sahani.

Ikapita dakika ya nne.
Akasimama dirishani.

Saa haisimami. Hiyo nayo ni kanuni.
Sekunde kumi. Ishirini. Naiangalia midomo yake:
ya waridi, au imeanza buluu?
Ulimi wangu umejaa yasiyoruhusiwa.
Thelathini. Arobaini.
Kisha akageuka, akaendelea, soksi moja imeshuka.

Mita mia tatu tisini na sita.
"Kwa nini ulisimama?" Nina visanduku vinne:
pumzi, maumivu, uchovu, sababu nyingine.
"Kulikuwa na ndege," akasema. "Mdogo, njano tumboni.
Alikuwa anakula. Ningepita angeruka."

Nikaandika: ndege.

Miezi mitatu baadaye mtakwimu akapiga simu kutoka Tampere.
"Huyu 017, kwenye nyingine, umeandika ndege?"
"Ndege."
Kimya. Nikasikia vidole vyake vikitafuta namba.
"Basi nitampa tisini na tisa," akasema,
"ndiko tunakoweka yasiyo na mahali."

Na 009, Lempi, mstari wake katika jedwali unaishia mwezi wa tano.
Hakuna kisanduku cha kuandika kwamba nilikwenda Raahe na maua
nikakaa kiti cha nyuma, karibu na mlango.

Mwaka wa pili bahasha zikafunguliwa.
Dawa iliongeza mita kumi na moja, kwa wastani;
ondoa shaka, inabaki labda.
017: sharubati.

Nilimpigia Hilkka. Nilitamka kama mtu abebaye maji viganjani.
Upande wa pili sufuria ilikuwa ikichemka.
"Miezi kumi na minane," akasema, "nimepima sukari."
Kwa hilo utaratibu haukuniachia neno.
Kisha: "Mara ya mwisho alifika ngapi?"
"Mia nne na kumi na mbili."
"Zake mwenyewe?"
"Zake mwenyewe."

Leo wanapaka rangi korido.
Nimebandua utepe. Gundi imekataa kutoka,
inashika vumbi, huku na huku,
mita thelathini kamili.