Kidole

Kazi yangu ni kidole.
Wenzangu wana mikono mizima: Odell hufagia jukwaa,
Marisela huvuta kila nondo ya mapajani mara mbili
kama mtu anayejaribu kufuli la jirani,
kisha ananyanyua dole gumba, nami natazama taa,
kijani, kijani, kijani,
na kidole kinashuka juu ya kitufe
kilicholika rangi katikati kama sarafu ya zamani.

Hapo chini ya sakafu mafuta yanasukuma,
kebo inakaza,
na treni yenye watu kumi na wanane
inatoka kama tusi.
Sekunde nne.
Sijawahi kumaliza kutamka jina langu kamili
kabla haijafika mguuni pa mnara.

Wameuita Nyigu. Mita mia moja na tisa kwenda juu,
zilezile kushuka,
reli nyekundu iliyojikunja kileleni
kama mgongo wa paka aliyeshtuka,
na Ziwa Erie kando yake, la kijivu, halijali.

Babu yangu, Emeric Vargo, miaka thelathini na mmoja
kiwandani Lorain alisukuma chuma chekundu
kama wengine wasukumavyo chapati.
Hakusimulia moto. Alisimulia sauti.
Alisema chuma cha pua kina pua kweli:
ukikikosea, kinanusa, kinaweka.
Kiwanda kilipofungwa alirudi na kopo lake la chakula,
akaliweka juu ya friji.
Bado liko pale.

Jumanne ya kwanza ya Juni akaja
na tiketi ya bure ya jamaa za wafanyakazi.
Asubuhi ilikuwa na baridi, upepo ukipiga reli usoni.
Wale wadudu wa ziwani waishio siku moja
walikuwa wametanda kila mahali,
wakivunjika chini ya viatu kama chumvi ya mawe.
Babu, nikamwambia, subiri mchana, magurudumu yapate joto.
Akasema: Maisha yangu yote nimesubiri chuma kipoe.
Leo nisubiri kipate moto?

Siti ya mbele kabisa. Akavua miwani,
akavua meno ya juu,
akamkabidhi Marisela vyote ndani ya leso.
Akagonga ubavu wa behewa kwa kifundo cha kidole.
Akasikiliza.

Dole gumba. Kijani. Kidole.

Nilijua kabla ya kompyuta kujua.
Iko namna treni inavyopoteza njaa.
Ikapanda, ikapanda, ikawa kama inafikiri,
ikafika pale pale palipojikunja,
ikasimama.

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini.
Hawakusema unamngojaje
ikiwa wewe ndiye uliyempeleka.

Watu kumi na wanane, migongo ikiitazama ardhi,
na hakuna aliyepiga kelele.
Nikasikia kamba ya bendera ikigonga mlingoti.
Moja. Nikasahau mbili.

Kisha ikaanza kurudi,
kinyumenyume, kwanza kwa aibu, kisha kwa hasira,
na mapezi ya breki yakainuka kati ya reli
na sumaku zikaidaka bila kuigusa.

Mama wa siti ya pili alikuwa akilia na kucheka.
Kijana mmoja ametapikia fulana mpya.
Babu, wadudu watatu kwenye nyusi,
akasema neno bila meno. Hatukulielewa.
Marisela akampelekea leso. Akayavaa, akarudia:
Kule juu kinalia.
Sauti ileile.

Utaratibu ni kwamba treni ikirudi, inatumwa tena.
Wawili wakaomba kushuka.
Dole gumba la Babu likanyanyuka
kabla ya la Marisela.
Kijani. Kijani.
Taa ya tatu ikakawia. Odell alikuwa bado mbele, na ufagio,
akiwasogeza wadudu taratibu,
hata wale waliokwisha kufa.